Nimeamua Kutoa

Dobini, hospitali ya wilaya
9 Februari

Dada,

Salamu leo nazikata katikati, maana dereva wa gari la dawa anayeibeba barua hii ameshaanza kupiga honi. Nimempa yeye mkononi. Sikutaka ipite masjala, kwa sababu karani wa pale anazijua habari zetu kuliko sisi wenyewe, na bahasha za hapa hazishiki gundi.

Nina mimba, dada. Mwezi wa pili unakwisha. Wanaojua ni wawili tu hapa kazini, na hao hawakuambiwa, walinikuta nikitapika kwenye ndoo ya sabuni.

Ni ya yule mpima ardhi niliyekuandikia habari zake, aliyekuja na vigingi vyake vyekundu kupima uwanja wa jengo jipya. Alipima uwanja, akanipima na mimi, kisha akang'oa vigingi akaenda zake. Nilipomwandikia alijibu mistari mitatu, na mmojawapo ulikuwa na mke ndani yake. Sikujua kama ana mke. Usinicheke. Au cheka, angalau mmoja wetu acheke.

Unaijua kazi yangu. Mashuka ya hospitali nzima yanapita mikononi mwangu. Ya wodi ya wazazi nayatambua kabla sijayafungua, yana jasho na maziwa. Halafu kuna yale ya wodi ya nne, yanaletwa yamefungwa fundo, na Bi Sabuni, mkubwa wetu wa hapa dobini, hataki niyafungue peke yangu. Ni ya wasichana waliokwenda kutoa mimba vichochoroni kwa watu wenye vyuma vichafu. Mwezi uliopita yalikuja ya msichana mmoja mara tatu kwa siku moja. La mwisho halikuletwa kufuliwa, alifunikwa nalo.

Bi Sabuni anasema nisiwe mjinga. "Kama ni kutoa, mtafute daktari mapema, ukae kwenye kitanda chenye shuka nililofua mimi. Nimezaa watano, niliwataka watatu, na mpaka leo sijui ni yupi na yupi." Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, naye ni mtu mwema, ananishika bega ananiambia nizae. Anasema kila wiki anaona wanawake wanalia kwa kukosa, na kwamba kuna nyumba ya watawa inayopokea wajawazito mpaka wajifungue. Wote wawili wananipenda, na kila mmoja akimaliza kusema namwona yeye ndiye mwenye haki.

Nimefikiria pia kulea mwenyewe. Bweni la watumishi halikai mwenye mimba wala mwenye mtoto. Siku tumbo likionekana, ninapewa siku saba niondoe godoro.

Sijaamua, dada. Honi inapigwa tena. Niambie kitu.

Mdogo wako,
dobi wa hospitali


Chumba cha prufu, kiwanda cha uchapaji
17 Februari

Kitindamimba wa mama,

Barua yako imefika inanuka dawa ya kidonda. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kama dada, ya pili kama msahihishaji prufu, na ya tatu nilikaa tu na karatasi mapajani.

Nilitaka kukugombeza. Nimekulea tangu mama alipotutoka ukiwa darasa la tatu, kwa hiyo kugombeza ni haki yangu na nitaitumia siku nyingine. Huyo mpima ardhi akirudi kuchukua kigingi alichosahau, umchome nacho.

Sasa nisikilize. Wiki hii tumechapa vipeperushi viwili, maana hilo jambo lako linajadiliwa bungeni na nchi nzima inapiga kelele. Asubuhi walileta wale wanaosema mimba isiguswe kwa sababu yoyote. Mchana wakaleta wale wanaosema mwanamke aachiwe aamue na daktari wake. Mashine ni ileile, wino ni uleule, na kalamu nyekundu ni hii yangu moja. Wa asubuhi waliandika "uhayi", wa mchana wakaandika "uai". Wote wanaupigania uhai, na hakuna aliyejua unavyoandikwa. Niliwasahihishia wote. Nikasoma tena taratibu, maana nilikuwa natafuta habari zako. Wa asubuhi wana maneno ya kweli, na wa mchana wana maneno ya kweli. Lakini mtu mwenye godoro la siku saba sikumkuta kwa yeyote kati yao.

Mimi usiniulize lipi jema. Unajua mimba nne zimeniponyoka, na ya mwisho nilikuwa nimeshaanza kuisemesha. Kuniuliza mimi ni kama kumuuliza mwenye njaa kama chakula kimezidi chumvi. Amua mwenyewe. Utakaloamua nitasimama nalo, na atakayekusema atanikuta mlangoni.

Dereva hutampata kila siku, kwa hiyo barua zijazo tuandikiane kwa kufumba. Usitaje jambo kwa jina lake. Mimi ni mtu wa kusoma, nitaelewa.

Shemeji yako anakusalimu sana.

Dada yako


Dobini
2 Machi

Dada,

Hii inapita masjala, kwa hiyo nafumba kama ulivyoagiza, na wewe ujaze mwenyewe. Kama kuna msomaji mwingine njiani, namwamkia shikamoo.

Nimeamua kutoa.

Nimefika hapo polepole bila kusukumwa na Bi Sabuni wala na muuguzi. Nilikuwa napiga pasi mashuka ya wiki, nikashangaa kuona moyo umetulia. Sina mahali pa kuliweka jambo hili, na mikono yangu haitoshi kulibeba. Najua nitaumia. Lakini kuna kuumia kwa bure na kuumia kwenye maana, na nikikuwaza wewe naiona maana.

Sitatoa bila kauli yako. Miaka yote umenilea hujawahi kuniomba hata kijiko, na katika hili nakufikiria wewe kuliko ninavyojifikiria mwenyewe. Muulize na shemeji. Nyumba ni yenu wawili, sitaki uamue peke yako halafu yeye akununie. Ukisema ndiyo, nitakwenda kwa moyo mmoja. Ukisema hapana, sitakulaumu hata kidogo, nitajua umefikiri.

Ninasubiri. Kila mfuko wa posta ukija natoka na mikono ina povu.

Mdogo wako


Chumba cha prufu
11 Machi

Kitindamimba wangu,

Barua nimeipata, nimeijaza mwenyewe kama ulivyosema. Haya ni majibu ya pili kuyaandika. Ya kwanza nimeyachana.

Najua kwa nini umeniuliza mimi. Unaona haya. Unajisemea, dada amekosa mara nne, mimi ninacho, nitamtazama vipi usoni. Mdogo wangu, usinifikirie. Habari ya mtoto katika nyumba hii nimeifungia mlango na ufunguo nimeutupa. Siitafuti tena, na sitaki uibebe kwa ajili yangu. Kila mtu na tumbo lake na maisha yake.

Kwa hiyo toa. Ila nakuomba, kama uliwahi kunisikia ulipokuwa mdogo nisikie na leo: usiende kwa watu wa vichochoroni. Tafuta wenye vyeti, wenye karatasi na mihuri, wanaojua wanachofanya. Na ukishatoa usiniambie lini wala wapi. Hilo sitaweza kulisikia. Niambie tu kwamba limekwisha.

Shemeji yako nimemuuliza. Anasema vilevile.

Ningependa uje upumzike huku, lakini kwa sasa haiwezekani. Tuna mafundi, wamebomoa dari, vumbi tupu. Tutaona mbele.

Ninakupenda. Hilo halina fumbo.

Dada yako


Dobini
30 Machi

Dada,

Nimepata jibu lako na la shemeji. Nimeelewa. Nilisema sitalaumu, na silaumu.

Nimekwenda kwa watu wenye vyeti, kama ulivyotaka. Wana mihuri mpaka inadondoka mezani. Wamenipokea vizuri, hawakunichimba. Kwa upande wangu limekwisha.

Nimeomba ruhusa hapa kazini, nakwenda kufua mahali pengine kwa muda. Pana mashuka machache na hewa nzuri. Barua zako ziendelee kuja kwa Bi Sabuni, atakuwa ananifikishia akipata mtu wa kuja huko.

Poleni na vumbi.

Mdogo wako


Chumba cha prufu
14 Juni

Mdogo wangu,

Miezi miwili na nusu, na mimi ndiye niliyekwambia usiniambie. Nimejifunga kamba mwenyewe. Basi lile siliulizi, naulizia habari zako wewe. Unakula? Unalala? Unacheka na nani huko?

Bungeni wameahirisha. Vipeperushi vilivyobaki, vya asubuhi na vya mchana, tumevikata vipande, tunafutia wino kwenye mashine. Siku hizi nikifuta mikono naviona vimechanganyika na siwezi kujua neno gani lilikuwa la nani.

Msichana anayepanga kurasa amejifungua. Alimleta mtoto hapa kiwandani tumwone, akanipa nimpakate. Nikamwachia alama ya wino shavuni. Mama yake akacheka, akasema mtoto amepigwa chapa. Nilicheka na mimi, kisha nikaenda stoo ya karatasi nikasimama katikati ya marobota mpaka pumzi ikarudi. Sikuambii hivi kukuumiza. Sina mwingine wa kumwambia.

Kazi ikiisha siku hizi nakawia kutoka. Napanga kalamu, nafuta meza ambayo haina kitu. Mlinzi ananiuliza kama nimehamia.

Shemeji yako hajambo. Andika hata mstari mmoja.

Dada yako


Nilipo
3 Agosti

Dada,

Niko salama, usihangaike. Ninakula, na ninakula kweli. Nimenenepa, ukikutana nami njiani utanipita. Nafua nimekaa kwenye kigoda, maana kuinama kumekuwa kazi. Wenyeji wangu wananicheka, wanasema nikidondosha kibanio cha nguo nakisamehe palepale.

Barua zangu zimekuwa fupi kwa sababu uliniomba nisikuambie lini wala wapi, nami natii. Ukiondoa hayo mawili sina habari nyingine. Nafua, naanika, nakunja. Jioni nakaa kwenye ngazi za nyuma natazama kamba tupu. Nilikuwa nimezoea kwamba nikiwa na jambo kubwa nakukimbilia wewe, na sasa jambo ni kubwa na miguu haijui pa kwenda. Usinijibu hilo. Limenitoka tu.

Msichana wa kurasa umpe hongera. Na wewe pole kwa siku ile ya stoo. Sikuelewa vizuri, maana ulisema mlango umeufunga. Labda hata mlango uliofungwa unagongwa.

Dada, hao mafundi wameshamaliza dari?

Mdogo wako


Nyumbani
18 Oktoba

Mdogo wangu,

Hakuna mafundi. Hakuna dari iliyobomolewa.

Shemeji yako aliondoka mwezi wa kwanza, kabla hujaniandikia hata habari ya mimba. Alichukua nguo zake na redio, akasema amechoka kuishi kwenye nyumba ya matanga. Kila salamu niliyokuletea kutoka kwake niliitunga mwenyewe. Ulipotaka nimuulize, sikuwa na wa kumuuliza. Nilikitazama kiti chake, kikanyamaza, nikakuandikia kwamba anasema vilevile. Na uliponitajia nyumba nilidhani unaogopa aibu isifike mlangoni kwake, nami nikaona haya kukwambia kwamba mlango una mtu mmoja. Ndiyo maana nikakuzuia usije. Ungeingia tu ungeona msumari alipokuwa akitundika kofia.

Naandika leo kwa sababu mkuu wa mashine, akidhani najua, amenipa pole na hongera kwa pamoja. Yule mwanamke shemeji yako aliyemfuata amejifungua mtoto wa kiume. Nikarudi mezani nikasoma ukurasa mzima wa prufu sikuona hata kosa moja, nikaweka sahihi. Ulikuwa na makosa kumi na manne. Hawakunifukuza, walinirudisha nyumbani kwa teksi.

Nikishaanza kusema kweli, acha niimalize. Barua ile ya Machi niliyoichana ilikuwa na mstari mmoja tu. Niliandika: Usitoe, zaa, uniletee mimi nimlee. Niliitazama kwa muda mrefu, nikaichana. Nilijiambia, huyu si shamba lako. Mtu hambebeshi mwenzake miezi tisa, hampotezei kazi na kitanda, ili yeye tu asikae peke yake jioni. Ameamua, ameomba kauli, mpe kauli iliyonyooka. Bado naamini nilifanya haki. Ningeulizwa tena leo, nadhani ningekujibu vilevile, na ningelia vilevile.

Lakini ule ufunguo sikuutupa. Hapo nilikudanganya. Ninamhesabia miezi. Angekuwa amezaliwa mwezi uliopita. Sikwambii ili ujute, uliamua kwa akili na ukaenda kwa watu wenye vyeti, na wewe ni mzima, hilo ndilo nililoomba. Nakwambia kwa sababu ulikuwa uchungu wako na mimi nikauibia kipande nikaenda kuulilia pembeni, na naona ni wizi.

Njoo ukae nami. Ukitaka kazi, kiwandani wanahitaji mtu wa kukunja karatasi, na kukunja unakujua. Ukitaka kulala mwezi mzima, lala. Nimechoka kupika sufuria ndogo.

Dada yako


Nyumba ya watawa
2 Novemba
(Barua hii haikutumwa)

Dada yangu,

Barua yako imenifikia jana. Bi Sabuni alikaa nayo siku kumi akitafuta mtu wa kuja huku.

Nilikuwa nakutolea wewe.

Nilipoandika "nimeamua kutoa" nilimaanisha nitazaa, nikuletee, awe wenu. Niliona kazi ya maana kuliko zote nilizowahi kufanya ni kukupa wewe uliyenilea mtu wa kulea. Ndiyo maana nikataka umuulize shemeji. Ndiyo maana nikataja nyumba. Nilimfumbia karani nikakufumba macho wewe. Herufi chache tu zilihitajika, "kukutolea" badala ya "kutoa", na nilikuwa na karatasi ya kutosha. Nawe ukanijibu toa, usinifikirie, mlango nimeufunga, tafuta wenye mihuri, huku usije. Kila neno lako liliingia kwenye maana yangu likakaa sawasawa, hakuna hata moja lililopwaya. Nikaamini humtaki. Nilifua siku ile nzima bila kujua maji ni ya moto au ya baridi.

Amezaliwa tarehe kumi na nne Septemba, saa tatu asubuhi. Ni msichana. Kidole chake cha pili cha mguu kimempanda jirani yake, kama cha mama. Wodi nzima walisema ana hasira, mimi nikasema hapana, anasoma tu, ni mtoto wa ukoo wa wasahihishaji.

Kanuni ya hapa mama anamnyonyesha mtoto wiki sita, ndipo anatia sahihi, ili asije akasema kesho hakujua anachokitoa. Nilimnyonyesha wiki sita. Kila siku nilijua ninachokitoa. Sikumpa jina, nilimwita Mgeni, na akaanza kuliitika kwa macho. Tarehe ishirini na sita Oktoba walikuja wenyewe wa kumchukua, mwalimu wa hesabu na mumewe fundi saa. Mwalimu alikuwa amevaa viatu viwili tofauti kwa haraka ya kuja, na hakuwa amejiona. Ndicho kilichonipa nguvu ya kushika kalamu. Ofisa wa ustawi alinisomea mara mbili kwamba baada ya sahihi hakuna kurudi nyuma. Ulikuwa umeshaniandikia siku nane kabla, dada. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Bi Sabuni.

Jana nilikwenda kwa yule ofisa wa ustawi kuuliza kama kuna njia yoyote. Hakunifokea. Alifungua jalada akanionyesha sahihi yangu, na ni nzuri, haikutetemeka. Akasema watu wale wameshahamisha vitanda. Nikamwuliza, mtoto analala? Akasema mwalimu amemwambia analala akiwa amewekwa karibu na saa, anapenda ule mlio.

Maziwa bado yanakuja. Nafunga kifua kwa shuka lililochanwa, na blauzi inalowa hivyohivyo. Mtawa wa zamu anasema yatachukua kama wiki tatu kukauka, nisiyakamue, niyaache yachoke yenyewe.

Sijui nifanye nini na barua hii. Nikiituma, utampata mtoto na kumpoteza ndani ya bahasha moja. Atakuwa wa tano, na huyu utasema umempoteza kwa kalamu yako mwenyewe. Sikosei nikisema hutainuka tena. Tayari umesoma ukurasa wenye makosa kumi na manne hukuona hata moja, na hiyo ilikuwa kwa mtoto wa mtu mwingine. Nakuwaza umekaa na hiyo sufuria ndogo, na karatasi hii mezani, na hakuna mtu wa kukupokonya.

Na nisipoituma nitakuwa nimekaa na wewe nyumba moja miaka yote nikijua. Bi Sabuni angesema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa.


Nilipo
3 Novemba

Dada yangu,

Pole sana kwa habari ya shemeji, na pole zaidi kwa kuibeba peke yako miezi yote hiyo ukinitungia salamu. Ulizitunga vizuri kuliko alivyokuwa akizileta mwenyewe. Msumari wake tutaung'oa.

Kuhusu lile jambo, tulia kabisa. Lilikwisha Machi, kwa daktari, kwenye kitanda chenye shuka safi. Halikuniuma kama nilivyoogopa, na wiki ya pili nilikuwa nimesharudi kwenye beseni. Ulinijibu haki. Hata ungenitumia ile barua uliyoichana, ningefanya vilevile, kwa hiyo usiikumbuke tena, na usihesabu miezi. Hakuna wa kumhesabia.

Nitakuja. Nimeifikiria siku nzima na sina mahali pengine ninapopataka. Kukunja karatasi nitajifunza, na sufuria kubwa itoe huko ulikoificha.

Ila usinifuate huku, wala usinitegemee wiki hii. Nipe wiki tatu. Mvua zimeshika, na kuna nguo hapa hazijakauka.

Mdogo wako